Peremende ya Tatu

Mahubiri ya kwetu yalikuwa na vipengele vitatu
na kila kipengele kilikuwa na peremende yake.
Leuntje alizitoa mkobani bila kutazama:
moja mchungaji alipofungua hoja,
moja alipofika kwenye dhambi,
ya tatu alipogeukia neema,
na hiyo tuliinyonya polepole
kwa kuwa neema ilichukua muda.

Sasa mchungaji ni kijana, ana raba nyeupe,
anatuita "marafiki",
na dakika ya kumi na nane amekwisha maliza.
Peremende ya tatu hubaki katika koti langu.
Mfuko umefura. Nimezihesabu:
arobaini na moja, tangu tumzike Leuntje.

Mimi ni Krijn, mzee wa kanisa,
katika kijiji kilicho chini ya usawa wa bahari.
Usipoziba ufa utajenga ukuta:
kwingine ni methali,
huku ni ajira.
Miaka thelathini na miwili nimekagua tuta
kwa tochi, usiku wa upepo, nikitafuta mashimo ya fuko.
Sijapata kuona bahari ikipitia mlango mkubwa.
Huanza na fuko.

Basi ilipoletwa kikaoni hoja ya skrini,
nikasema, fuko.
Walipotaka ibada ya jioni ifutwe
kwa sababu vijana wana mechi,
nikasema, fuko.
Marinus akacheka: "Krijn, kwako wewe hata paka ni fuko."
Kura kumi na tisa kwa saba.
Skrini ikatundikwa pale palipokuwa na ubao wa namba za zaburi.
Ubao nimeuweka ghalani, nimeufunika gunia
ili kuku wasiuchafue.

Sijabadilika. Andikeni hivyo.
Wanasema tuwafuate watu waliko.
Watu wako wapi? Wako madukani,
Jumapili imefunguliwa kama kopo la samaki.
Mgeni akija humwongezea kiti,
humng'olei nguzo ya nyumba.
Na ule wimbo wao wa "nakuhisi, nakuhisi",
mara kumi na moja, nilihesabu,
utamfaa nani kaburini?
Mimi siku ile sikuhisi kitu.
Mikono ilikuwa mbao.
Kilichonishika ni zaburi niliyokaririshwa kwa fimbo
nikiwa na miaka saba, siielewi hata nusu;
ilijiimba yenyewe, mimi nikaifuata nyuma
kama ng'ombe aijuaye njia ya zizini.

Halafu Jumapili moja ya Februari, mvua ya mawe,
akaingia kijana wa Jacomina,
yule Jacomina mwenye mgahawa usiofunga siku ya Bwana.
Mara mbili nilitumwa kwenda kumwonya,
mara mbili alinimiminia kahawa,
mara mbili niliiacha ikapoa.
Mwanawe ana nywele za kijani na kipini puani.
Kanisa tupu namna ile,
akaenda kukaa palepale pa Leuntje.

Mguu wake ulitetema, benchi zima likatetema.
Mkono wangu ukaingia mfukoni bila kuniuliza.
Akaipokea. Akaitafuna.
Kraa!
Hadi mpiga kinanda akageuka.
Kwetu peremende haitafunwi, huyeyuka.
Ukinidai elimu yote ya dini niliyo nayo
pengine ndiyo hiyo.
Nikamkazia macho ya kikao.
Akaniinamia: "Samahani, babu. Unayo nyingine?"

Nilikuwa nazo arobaini.

Nikampa moja. Moja tu.
Nikamwonyesha kwa kidole: hapa, chini ya ulimi.
Ngoja.
Nami nikatia yangu.

Mchungaji akasema amina.
Watu wakainuka, wakatafuta makoti,
skrini ikazimwa ikabaki nyeusi.
Sisi wawili tuliketi tu,
midomo tumeifumba,
mvua ikipiga vioo,
haijaisha.